Re: Visa ya masomo China, naweza kutembea Thailand likizo ya kwanza?

Mdogo wangu, unaweza, ila si na visa hiyo peke yake. Kama masomo yako yanazidi siku 180, utapewa visa ya aina ya X1, na hiyo inakuingiza China mara moja tu. Ukishafika, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Kibali hicho ndicho kitakachokuruhusu kutoka na kurudi. Ukitoka bila hicho, visa imekwisha, unaanza upya. Kwa hivyo usikate tiketi ya ndege ya Bangkok ukiwa bado Nairobi, hata ikiwa rahisi namna gani. Cheti cha homa ya manjano beba.

Mimi ningeanza na China kwenyewe. Treni ni nzuri ajabu, na pasipoti yako ndiyo tiketi. Za usiku zenye vitanda zinakuokolea pesa za hoteli. Lakini Mwaka Mpya wao! Kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus hapa Nairobi mwezi wa Desemba ni mchezo tu ukilinganisha, na msongamano wao huendelea siku 40. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, kesha macho.

Ukilala kwa rafiki, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Wengi hupuuza hili, kisha faini.