Leo mwezi ngapi? Somo la jiografia nililofundishwa Pemba

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilipangiwa skuli moja upande wa Micheweni, kaskazini ya Pemba. Mimi mtoto wa mjini Unguja, nimezaliwa Ng'ambo, bahari naijua kwa Forodhani na kwa boti ya kwenda Dar es Salaam. Somo langu jiografia. Siku ya kwanza niliandika ubaoni, kwa mwandiko wa kujionesha, kwamba jiografia ni taaluma inayochunguza uso wa dunia na uhusiano wake na binadamu. Kipindi kilichofuata nikaandika kwamba utamaduni ni jumla ya mambo ambayo jamii imeyabuni ili kuendesha maisha yake. Watoto wakanakili, nami nikatoka nimeridhika.

Wiki ya pili darasa likabaki nusu. Wasichana hasa hawakuonekana siku nne mfululizo, kisha wakarudi kama hapakuwa na jambo. Baada ya wiki moja na ushei wakatoweka tena. Nikachukia. Nikaandika barua kwa wazazi, barua ambayo leo naionea haya, nikisema kwamba watu wa kijiji hiki hawathamini elimu.

Aliyekuja kunijibu ni mzee mmoja, babu wa mwanafunzi wangu. Hakuja na ugomvi. Nikamwamkia, akakaa barazani, akaniuliza, "Maalim, leo mwezi ngapi?"

"Mwezi wa tatu, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Huo mwezi wa serikali, mwanangu. Nakuuliza ule," akaelekeza kidole juu, na ilikuwa mchana, juu hakuna kitu. "Leo mwezi kumi na nne. Kesho kumi na tano. Bamvua hilo. Wanawake wote wako pwani, na mtoto yuko na mamaake."

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hukupwa sana, hilo ndilo bamvua, na kwetu tofauti ya kujaa na kukupwa inakaribia mita 4. Siku hizo maji hufika mwisho wa kukupwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwamba unabaki wazi, pweza anatafutika mashimoni kwa kijiti, chaza wanaokoteka, na wanaolima mwani wanafikia kamba na vigingi vyao vilivyo mbali. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi kuandama na kupevuka, maji yakijaa na kukupwa kidogo tu, hayo yote hayapatikani. Sasa tazama ratiba ya skuli: saa nne asubuhi ni kipindi changu cha jiografia. Nilikuwa nafundisha kupwa na kujaa kwa maji saa ileile ambayo maji yanakupwa hatua chache kutoka darasani, na wanaoyajua zaidi yangu wako hukohuko majini, mimi nawaandikia barua.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwalimu mgeni, daktari mgeni, hata bibi harusi anayehamia kijiji cha mumewe, ni huu: kabla hujasema watu wa mahali fulani wako hivi, tafuta saa yao inakwendeshwa na nini. Mjini saa inakwendeshwa na ofisi na adhana. Micheweni kuna adhana, na kuna mwezi.

Tangu hapo nikiulizwa maana ya utamaduni na jiografia sianzi na zile fasili. Naanza na maneno yenyewe. Utamaduni ni neno la asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa madina, yaani mji. Kwa hiyo neno lenyewe lina upendeleo tangu kuzaliwa kwake. Sisi wa mjini tukilisikia, akili inakimbilia taarabu, milango ya nakshi, kanga na udi. Mama aliyeinama mwambani na kijiti chake hatumhesabu, ingawa anachokijua kimechukua vizazi vingi zaidi kujengeka kuliko huo wimbo.

Jiografia nayo ni ya Wayunani, kuiandika dunia. Lakini Kiswahili kiliiandika dunia kabla neno hilo halijatufikia. Kusini ni kunakotoka kusi. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Pande mbili za dunia tumezipa majina ya pepo, kwa sababu kwa mtu wa jahazi upande ulikuwa ni upepo. Kaskazi inavuma kuanzia kama Disemba hadi Machi na ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikivirudisha. Habari hiyo kila mtu ameshaisoma, sitairefusha. Ninachotaka uone ni kwamba hata jina la lugha yetu limetokana na sawahil, pwani kwa Kiarabu. Mtu akikwambia jiografia na utamaduni ni masomo mawili mbalimbali, mwambie ataje jina la lugha anayosemea.

Kalenda ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Babu yule alikuwa na mbili kichwani. Ya mwezi kwa ibada na kwa maji, maana yote mawili yanafuata mwezi. Lakini mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inazunguka: huikuta masika, huikuta kiangazi. Kwa mkulima na nahodha hilo halifai, kwani mvua na pepo zinafuata jua. Basi wazee wa pwani walihesabu mwaka mwingine wa siku 365, kwa makumi, kila siku kumi ni mwongo mmoja, kuanzia Siku ya Mwaka. Ndiyo siku wanayoisherehekea Makunduchi kila Julai, Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda cha makuti kikichomwa. Watalii wanapiga picha ya moshi. Ukienda, nakusihi, piga picha kisha tafuta mzee umuulize siku hii inahesabiwaje. Utapata jiografia kuliko kitabu changu.

Hapa lakini nitie breki. Baada ya Micheweni nilipatwa na ugonjwa mwingine, wa kueleza kila kitu kwa udongo na mvua. Mwenzangu mmoja wa historia ndiye aliyeniponya, kwa habari ya karafuu.

Mimi nilikuwa nikifundisha hivi: Pemba ina vilima, udongo mzito na mvua nyingi, kwa hiyo Wapemba ni watu wa karafuu. Akaniuliza, na kabla ya 1872? Mikarafuu ilipandwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na kwanza Unguja ndiyo iliyosifika. Aprili 1872 ikaja tufani, ikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Hapo ndipo uzito wa zao ukahamia Pemba. Udongo ulikuwa uleule muda wote. Na walioipanda mikarafuu ile kwa wingi walikuwa watumwa, katika mashamba ya mabwana. "Tufani ni jiografia," akasema yule mwalimu, "lakini nani alime na nani amiliki, hilo usiutupie udongo." Sikuwa na jibu, na sikulitafuta.

Lakini njoo Pemba msimu wa karafuu uone ilivyokaa ndani ya maisha. Majamvi yametandazwa uwanjani, njia nzima inanukia, jioni watu wamezunguka lundo wanachambua karafuu na kutenga makonyo, yaani vijiti vyake, na hapo ndipo habari zote za kijiji zinaposemwa. Mtu akiulizwa lini anamwoza mwanawe, anajibu karafuu zikitoka. Siku mvua ikitishia, hata mgeni aliyekuja kwa kikombe cha chai anaamka kuanua.

Mfano mwingine uko nyumbani kwetu na sikuwahi kuujua. Bibi mzaa mama alikaa Mji Mkongwe, na vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba; kitanda ukikigeuza upande, mlango haufunguki. Nilidhani ni ubahili wa aliyejenga. Kumbe dari inabebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko unaofaa haukupi urefu zaidi ya kama mita 3. Upana wa chumba ukapimwa na mti. Baada ya hapo msururu wa mambo ukafuata: fenicha nyembamba, makabati ndani ya ukuta, wageni wa kiume wakakaa barazani nje.

Usidhani pia kwamba utamaduni lazima uwe wa kale. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kikaenea Pemba. Pwani ileile, bamvua lilelile, na karibu wakulima wote wanawake. Mama akashika fedha zake mwenyewe, akaezeka bati, akalipia ada. Hayo yamefanyika ndani ya umri wangu. Siku hizi bahari inapata joto, na ule mwani wa bei nzuri zaidi unakufa maji ya kina kifupi. Wengine wameuacha kabisa. Na fukwe hizohizo, ambazo wazee waliziona nchi ya mawe isiyofaa kitu, ndizo zenye hoteli.

Kwa mzazi aliye mjini nina neno dogo. Mwanao akiletewa swali la kueleza uhusiano wa utamaduni na jiografia, usimtafutie jibu kwenye simu. Mpeleke shamba wiki ya bamvua, kwa shangazi au kwa yeyote atakayemkubali, aende pwani kwa miguu. Avae viatu, miiba ya huko mwambani haina huruma.

Mimi niliwapeleka wangu wote, darasa zima, mwezi kumi na tano uliofuata, saa nne. Walionifundisha walikuwa wale wasichana watoro. Walinionesha shimo lenye pweza kwa makombe yaliyorundikwa mlangoni pake. Mimi nilikuwa nimelipita mara mbili. Tuliporudi mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, anatazama suruali yangu iliyolowa hadi magotini.

"Kipindi gani hicho, maalim?"

"Jiografia."

Akanyamaza kidogo, akatazama nyuma yangu, wale wasichana na ndoo zao.

"Na pweza mmepata?"