Usiache hema tupu likushikie nafasi, shusha kabla hujaondoka

Hapana, usifanye hivyo. Unasema umepata kivuli kizuri chini ya mivinje hapo ufukweni Malindi, unataka kwenda Lamu siku mbili, na umeambiwa uache hema limesimama watu wajue pana mwenyewe. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na nililolikuta niliporudi ni fito zilizovunjika na kitambaa kilichochanika. Aliyenishauri alikuwa amelala kwake. Ndiyo maana wananiudhi watu wa namna hii: ushauri wao hauwagharimu hata shilingi.

Hema tupu ni tanga. Ukiwa ndani, kilo zako 60 au 70 ndizo zinazolikalia. Ukitoka, kinabaki kitu cha kilo 3 mbele ya kusi, na kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba. Kigingi cha urefu wa kiganja hakishiki kwenye mchanga mkavu. Hung'oka kwanza cha upande wa bahari, upepo unaingia chini ya sakafu, fito zinapinda mpaka zinapasuka, na ncha zake ndizo zinazotoboa kitambaa. Hapo hakuna fundi wa kukushonea.

Halafu maji. Ukifika saa nne asubuhi siku za bamvua, yaani za maji makubwa, utaiona bahari iko mbali kule, utasema hapa pako salama. Bamvua yetu hupwa mida hiyo na kujaa kama saa kumi, jioni na alfajiri, na kutoka kupwa hadi kujaa maji hupanda zaidi ya mita 3. Anayekwambia hayafiki hapo labda amepaona siku za maji mafu tu, yaani maji madogo. Tazama mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu, hesabu na siku 2 au 3 za mbele. Kisha tafuta mstari wa mwani mkavu ulio juu kabisa, si ule mbichi, ukae juu yake. Na uliza diko liko wapi, usije ukawazibia wavuvi njia ya kupandishia vyombo.

Nafasi hushikwa na malipo na kauli ya msimamizi wa kambi. Mwambie ni usiku gani hutalala, lipia, upewe risiti yenye tarehe. Akikataa, achia. Si uungwana familia ifike magharibi na watoto, ipike gizani, kesho yake ishinde juani mchana kutwa, huku kitambaa chako kimekalia kivuli bila mtu.

Shusha, kung'uta mchanga kwenye zipu, lianike, likunje likiwa kavu, umwachie msimamizi alitie stoo. Likikunjwa na umande litaota ukungu. Chakula usiache hata pakiti ya biskuti, tumbili atachana kitambaa kuifuata.

Ukitoka saa chache tu, chomoa fito ulilaze, na badala ya vigingi zika mifuko ya mchanga, kina cha kiwiko, kamba ifungwe katikati ya mfuko.

Mengine uliyouliza, basi gani na begi gani, watakujibu wengine. Ila hadi Mokowe, unapopandia boti ya Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, bado boti. Ukipigiwa simu alfajiri kwamba hema linaburutwa na maji, utakuwa Lamu. Shusha leo jioni, tiketi baadaye.