Kutoka mchezaji wa hulahupu hadi msanii wa sarakasi: jibu kwa dada wa Tanga

Dada wa Tanga ameuliza mambo matatu: mtu anayejua kuzungusha hulahupu, yaani ringi ya plastiki ya kuzungushia kiunoni, vizuri anaingiaje katika sarakasi ya kulipwa, kama miaka 24 ni kuchelewa kwa mtu ambaye hakulelewa katika kikundi, na kama ni haki wakala anayemwahidi kazi Dubai kudai fedha kabla ya safari. Nimeishi kwa kazi hii muda mrefu, kwanza nikiwa na kikundi cha Dar es Salaam, kisha katika hoteli za Unguja, na baadaye katika maonyesho ya msimu wa baridi Ujerumani, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona. Suala la wakala nitalieleza kwa kirefu mwishoni, ila jibu lake fupi ni hapana.

Nimetazama video ulizoweka hapa, mdogo wangu. Kiuno chako kinashika mdundo, ringi inapopanda kutoka gotini hadi shingoni haiyumbi, na unazungusha kulia na kushoto kwa usawa, jambo ambalo wengi hulikwepa. Ufundi unao. Usichokuwa nacho bado ni onyesho. Katika video zako kila mbinu inasimama peke yake, ikifuatwa na nyingine kwa kuwa tu umeikumbuka, na mtu anayelipa hanunui mbinu; ananunua dakika tano au sita zenye mwanzo, mpando na kilele, zitakazofanyika vilevile leo, kesho, na siku ambayo utakuwa na mafua. Hiyo ndiyo sababu hoteli ulizoziandikia hazijakujibu, ingawa video zako zimetazamwa na watu wengi.

Ili uelewe mahali pako, tazama sarakasi yetu ilivyo. Miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza, na mpaka leo vikundi vyetu vinaishi kwa urithi huo: kubeba na kubebana, piramidi za watu, mizani ya viti, bakuli, kupita ndani ya pete, na ngoma ikipigwa pembeni. Hayo ni mambo ya watu wengi na vifaa vingi. Baina ya piramidi na viti kuna dakika kadhaa ambapo vijana wanahema, godoro linaondolewa, na meza ya viti inafungwa barabara. Hapo ndipo mchezaji wa ringi anapohitajika. Anaweza kufanya kazi mbele ya pazia, hahitaji kamba wala ndoano ya darini, vifaa vyake anavibeba begani, na hadhira inapata kumwona mtu mmoja kwa karibu baada ya kuona mwili wa watu wanane. Kiongozi wa kikundi anayekutazama anajiuliza swali moja: je, huyu atanipa dakika tano za uhakika huku vijana wangu wakipanga viti? Jenga onyesho linalojibu swali hilo.

Anza na ringi moja, tena polepole. Wengi huanza na nyingi kwa sababu wanaogopa kuchosha watu, kisha wanakuwa hawana pa kupanda. Ringi moja mkononi, kiunoni, mabegani, ikipita mgongoni na kurudi, inampa mtazamaji nafasi ya kujifunza kukutazama. Sehemu ya pili iwe ya ringi tatu au nne zinazozunguka mahali tofauti kwa wakati mmoja: moja mguuni, moja kiunoni, moja katika kila mkono. Hapo pana ugumu wa kweli, kwa kuwa kila ringi ina mwendo wake na wewe una mwili mmoja. Kilele kwa kawaida ni kile ambacho sisi tulikiita springi: unaingia katikati ya fungu la ringi, unalizungusha lote kwa pamoja, kisha unazitawanya zikufunike kutoka magotini hadi mikono iliyoinuliwa. Zinatawanyika kwa sababu sehemu ya juu ya mwili inatangulia kidogo na ya chini inafuata. Ukisukuma kwa nguvu badala ya kuchelewesha, zitagongana na kuanguka kwa kelele.

Idadi isikutishe. Marawa Ibrahim wa Australia, aliyesomea chuo cha taifa cha sarakasi huko Melbourne, alizungusha ringi 200 kwa pamoja mwaka 2015, na hilo ni jambo la rekodi. Kwa upande mwingine Elena Lev, aliyetamba na Cirque du Soleil, kampuni kubwa ya sarakasi ya Kanada, alijenga jina kwa ringi chache tu na mwili unaonyumbuka, akitegemea misingi ya jimnastiki. Mimi naipenda zaidi njia ya pili, lakini kwenye hoteli za pwani watu wamekula, wengine wana watoto, na fungu la ringi linalotawanyika ghafla huwainua vitini kuliko kitu kingine chochote. Basi weka yote mawili.

Panga pia kuanguka kwa ringi, maana itaanguka. Weka ringi ya akiba pembeni mwa jukwaa mahali unapoijua bila kutazama, na uzoee kuinua ringi iliyolala kwa ncha ya mguu, uitupe juu na kuipokea, ndani ya mdundo uleule wa muziki. Nimeona wasanii wazuri wakiinama, wakisema samahani, wakaanza upya. Hadhira husamehe, lakini meneja wa burudani hasahau.

Sasa vifaa, kwa sababu ringi za watoto unazotumia zinakurudisha nyuma. Hulahupu ya plastiki ilipoenea duniani mwaka 1958 kupitia kampuni ya Wham-O ya Marekani ilikuwa kichezeo, na za madukani mpaka leo ni za kuchezea: nyepesi, nyembamba, za vipande vinavyochomoka. Huhitaji kuagiza nje. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue bomba jeusi la maji la plastiki linalouzwa kwa roli, la milimita 20, ambalo tayari lina mpindo. Kwa ringi yenye kipenyo cha sentimita 80 kata kipande cha sentimita 251. Kwa ile ya mazoezi ya kiuno, ya sentimita 100, kata sentimita 314. Tumbukiza ncha katika maji ya moto sana mpaka zilegee, sukuma ndani kipande kifupi cha bomba jembamba zaidi au kiungio, kisha unganisha na uache ipoe. Plastiki ikipoa inakibana. Futa kwa msasa upande wa ndani au uzungushie tepu ya kitambaa ili ishike ngozi, na nje weka tepu ya kung'aa itakayoonekana kwenye taa. Ringi za springi zikatwe zote siku moja kutoka roli moja, kwa sababu tofauti ya sentimita mbili tu inazifanya zisilale pamoja. Zihifadhi zikiwa zimelazwa. Ukiziegemeza ukutani juani zitakuwa na umbo la yai, na ringi ya umbo hilo haizunguki sawasawa hata ufanye nini. Ringi kubwa na nzito huzunguka taratibu na ni rahisi kuishika, ndogo na nyepesi inataka kasi, kwa hiyo punguza kipenyo kidogo kidogo kadiri unavyozoea. Michubuko ya nyonga katika majuma ya mwanzo ni ya kawaida. Maumivu ya kiungo cha nyonga au ya chini ya mgongo si ya kawaida, pumzika.

Jambo ambalo mazoezi ya sebuleni hayatakufundisha ni upepo. Jukwaa la ufukweni Nungwi au Diani jioni lina upepo wa bahari ambao huichukua ringi nyepesi ikiwa hewani na kuirudisha hatua mbili mbali na mkono wako, kwa hiyo uwe na seti nzito kwa kazi za nje. Vigae vya kando ya bwawa vikilowa ni hatari. Dai zulia au mpira kabla ya kukubali kuchezea hapo, na usione haya kudai. Nguo nayo ni kifaa. Kitambaa kinachoteleza huiangusha ringi, pamba nene huikwamisha, na ngozi yenye jasho hubadilika katikati ya onyesho. Mimi nilichezea vazi la kubana lenye mikono mirefu, lililonipa mshiko wa namna moja mwili mzima na likapunguza maneno nyumbani, maana najua umegusia kwamba mama hafurahii. Mwalike kwenye mazoezi aone kazi yenyewe, badala ya kumwonyesha picha kwenye simu.

Pa kujifunza papo. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya serikali inayofundisha sanaa za jukwaani, sarakasi ikiwamo. Dar es Salaam kuna Mama Africa, shule iliyoanzishwa na Winston Ruddle wa Zimbabwe mwaka 2003, ambaye onyesho lake la Mother Africa limezunguka Ulaya na wasanii wa nchi mbalimbali za Afrika, wakiwamo wa kwetu. Nairobi kuna Sarakasi Trust, inayofanyia kazi kwenye ukumbi wa Sarakasi Dome, Ngara, uliokuwa jumba la sinema. Hata usipojiunga rasmi, tafuta kikundi cha mtaani kwako uombe kufanya nao mazoezi, na ujifunze kazi ya pili: kusimama juu ya mabega ya mwenzako, ngoma, au hata kuendesha muziki. Msanii wa ringi anayeweza pia kupanda ghorofa ya pili ya piramidi huchukuliwa safarini kabla ya yule anayejua ringi peke yake, kwa kuwa tiketi ya ndege ni moja.

Ukishakuwa na onyesho, lirekodi kwa mkupuo mmoja bila kukata, kamera ikiwa imesimama, mwili wote ukionekana kutoka miguuni hadi juu ya ringi iliyorushwa. Video yenye vipande vilivyounganishwa na miondoko ya kasi ni nzuri kwa mashabiki, lakini mnunuzi huitilia shaka, maana hajui umekata wapi. Ambatanisha ukurasa mmoja unaosema urefu wa onyesho, eneo la sakafu unalohitaji, kimo cha dari (kwa mirusho, mita nne ndipo unapopumua), na kwamba muziki uko tayari. Usiwaandikie hoteli kupitia anwani ya mapokezi. Uliza jina la meneja wa burudani, au kampuni inayoipelekea hoteli hiyo wasanii, kwa kuwa hoteli nyingi za pwani hazichagui wasanii zenyewe.

Kuhusu umri, miaka 24 si kuchelewa. Kwa kazi ya kujikunja viungo ningekwambia vingine, lakini ringi inataka mdundo, subira na uso unaojua kutazama watu, na hayo hayazeeki mapema.

Na sasa wakala wako. Anayekutafutia kazi halali analipwa asilimia kutokana na malipo ya kazi, baada ya kazi kupatikana, au analipwa na mwajiri. Anayetaka utume fedha za "kufungua faili" kabla hujaona mkataba wala jina la mahali utakapochezea, biashara yake ni hizo fedha. Wenzangu wawili walilipa kwa mtu wa namna hiyo, wakasafiri kwa viza ya matembezi, na walipofika wakaambiwa wacheze katika vilabu ambavyo havikutajwa, huku pasipoti zikiwa zimewekwa mikononi mwa mwenyeji. Pasipoti ni yako, kaa nayo. Kazi za kweli za Ghuba zipo, zikiwamo za maonyesho ya msimu katika Global Village ya Dubai, na zinakuja na viza ya kazi inayoshughulikiwa na mwajiri. Marekani nako viza ya msanii wa sarakasi, ile ya kundi la P, huanza kwa maombi ya mwajiri au wakala aliyeko kule, si kwa msanii kwenda ubalozini peke yake na barua ya kuahidiwa. Kwa upande wetu, msanii wa Tanzania anayekwenda kuonyesha nje anatakiwa kuwa na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kumwambia wakala kwamba utaupeleka mkataba huko kwanza ni kipimo kizuri: wa kweli atakutumia mkataba, mwingine atakasirika.

Katika mkataba wenyewe soma idadi ya maonyesho kwa siku kabla ya kusoma mshahara. Maonyesho mawili ya dakika sita yanabebeka. Matano, pamoja na kupiga picha na wageni getini, yanakula nyonga. Iandikwe nani analipa ndege ya kwenda na ya kurudi, chumba ni cha watu wangapi, bima ya ajali ni ya nani, na utalipwa nini ukiumia katikati ya msimu. Kama hakuna kifungu cha kuumia, omba kiwekwe kwa maandishi, na wakikataa baki Tanga uendelee kujenga onyesho. Ukirekodi ile video ya mkupuo mmoja iweke hapa. Humu wapo waliowahi kuchagulia hoteli wasanii, nao watakwambia kwa usahihi zaidi yangu kama dakika ya tatu inalegea.