Kabla ya Kushika Bikari: Kwa Wanaoanza Kutafuta Kitovu cha Tetemeko

Ninyi mnaoanza kusoma michoro ya seismografu mmekwisha kufundishwa kwamba vituo vitatu na bikari vinatosha kukionyesha kitovu cha tetemeko la ardhi: umbali kutoka kila kituo huchorwa kama duara, na maduara hukutana kitovuni. Ni kweli, lakini sehemu ngumu ya kazi hiyo hufanyika kabla bikari haijashikwa, nayo ni kuamua wimbi la S, lile linalofika baada ya wimbi la P, limeanza wapi katika mchoro.

Mawimbi ya P, yanayousukuma na kuuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda, husafiri katika gamba la dunia kwa kilomita 6 hivi kwa sekunde. Yale ya S, yanayoutikisa mwamba kwa kuikingama njia yao, hufuata kwa kilomita 3.5 hivi. Kwa mwendo huo, kila sekunde ya pengo kati ya kufika kwa P na kufika kwa S ni sawa na kilomita 8.4 za umbali, kwa hiyo pengo la sekunde 20 ni kilomita 168, na anayekosea kusoma kwa sekunde 2 amekwisha kulipotosha duara lake kwa karibu kilomita 17.

Wimbi la P hufika ardhi ikiwa imetulia, kwa hiyo huonekana waziwazi, ilhali la S hufika mchoro ukiwa bado unachezacheza. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma S katika mchoro wa wima (wa mtikisiko wa juu na chini) peke yake, duara moja likaenda kombo, nami nikakilaumu kituo. Kosa lilikuwa langu: S inapofika chini ya mashapo (mchanga na udongo uliotuama juu ya mwamba), sehemu yake hugeuka kuwa P na kutangulia kufika juu, ikarusha mchoro wa wima mapema. Someni S katika michoro miwili ya mlalo (ya mtikisiko wa kwenda kando).

Jambo la pili ni kina. Pengo hupima umbali hadi kwenye kiini kilicho ardhini, wala si hadi kitovu kilicho juu yake. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha kilomita 40 hivi; kwa kina hicho, kituo kilicho kilomita 50 kutoka kitovuni hupata kilomita 64, na kilicho kilomita 200 hupata 204. Maduara yatapishana bila kukutana mahali pamoja, na hapo wengi huanza kuyarekebisha kwa mkono hadi yapendeze, jambo ambalo nawasihi msilifanye kamwe. Kwa kila maduara mawili, pigeni mstari ulionyooka kupitia sehemu mbili yanapokatana. Mistari hiyo hukutana kitovuni, na ukubwa wa mapishano hukupa kina.

Angalieni pia saa. Tetemeko hilo lilitokea saa 9:27 alasiri kwa saa zetu, ambayo huandikwa 15:27 kwa saa za Afrika Mashariki na 12:27 katika kumbukumbu za vituo, zinazofuata saa ya kimataifa. Mkizichanganya saa hizo, pengo la P na S haliathiriki, kwa kuwa husomwa katika kituo kimoja, lakini wakati wa tukio huharibika kabisa.

Mwisho ni mpangilio wa vituo. Chukulieni kwamba kwa tetemeko hilo mna vituo vya Mbarara, Uganda, na Kilima Mbogo, Kenya, peke yake (kwa Kilima Mbogo, kilicho zaidi ya kilomita 600 kutoka kitovuni, tumieni majedwali ya muda badala ya ile 8.4, maana wimbi la kwanza limepitia chini ya gamba). Maduara ya vituo hivyo yatakatana mara mbili: Kagera, na tena kaskazini, maeneo ya Masaka. Hakuna usomaji makini utakaowaambia lipi ndilo. Mkiwa na kituo kimoja zaidi Mwanza, umbali kutoka hapo hadi sehemu hizo mbili hutofautiana kwa kilomita zaidi ya 60, yaani sekunde 7 hivi za pengo, tofauti ambayo hata aliyeanza kazi jana ataiona.