Mzee akichanganyikiwa ghafla, usiseme ni uzee

Mama alikuwa na miaka 79, na kusahau kwake tulishakuzoea. Angeuliza jambo moja mara nne, angeficha miwani kwenye kabati la vyombo, mara nyingine angeniita kwa jina la dada yake. Kwa hiyo Jumatano moja nilipomkuta ukingoni mwa kitanda, anachomoa nyuzi za shuka mojamoja na kuzipitisha kwenye tundu la sindano ambayo haikuwepo, nilijisemea: basi, ugonjwa umezidi. Nikamlaza. Nikakaa siku mbili bila kumpeleka hospitali, ilhali Jumapili iliyotangulia alikuwa akinitania vizuri tu.

Hizo siku mbili bado zinaniuma.

Demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, haimgeuzi mtu kati ya Jumapili na Jumatano. Humla kidogokidogo, kwa miezi na miaka. Hata ile inayotokana na kiharusi, ambayo hushuka kwa vishindo, kishindo chenyewe ni sababu ya kukimbilia hospitali. Akili inayovurugika ndani ya saa au siku chache ni jambo lingine. Madaktari huiita deliriamu. Sisi tuna neno letu zuri tu, kuweweseka. Ni dharura, na karibu kila mara kuna kitu mwilini kinachoisababisha: maambukizi, upungufu wa maji, maumivu, sukari kushuka, chumvi ya damu kupungua, dawa. Tena mwenye demensia ndiye anayeweweseka kwa urahisi kuliko wengine, ndiyo maana sisi watu wa nyumbani tunapotea. Tunadhani ni ugonjwa uleule, kumbe ni wa pili umekalia wa kwanza.

Dalili iliyonifungua macho ni umakini. Mama wa kila siku alisahau ulichomwambia, lakini alikusikiliza ukisema. Daktari alimwomba ataje miezi kinyumenyume. Akasema "Desemba", akageukia dirisha, akaniambia niwafungulie watu waliosimama nje. Hapakuwa na mtu. Saa moja baadaye akatutambua wote, na jioni akapotea tena. Huko kupanda na kushuka ndani ya siku moja pia ni alama ya kuweweseka.

Kipimo alichotumia kinaitwa 4AT, na hakichukui hata dakika tano. Kinaangalia kama mgonjwa yuko macho sawasawa, kama anajua umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka, kisha hiyo miezi, na mwisho kama hali imebadilika ghafla. Swali la mwisho, mgonjwa mwenyewe hawezi kulijibu. Unalijibu wewe. Na jibu lako likiwa ndiyo, peke yake lina alama 4, ambazo zinatosha daktari kushuku deliriamu. Kwa hiyo usione haya kusema, "Daktari, huyu siye mama yangu wa juzi." Sema tangu lini, siku na saa ukiweza.

Angalia pia mzee aliyetulia mno. Anayepiga kelele atashughulikiwa. Yule anayelala mchana kutwa, anayejibu kwa neno moja na kuacha kula, watu husema anapumzika. Kuweweseka kwa kimya ndiko kunakopitwa mara nyingi, na mwisho wake huwa mbaya zaidi.

Chanzo cha mama kilikuwa mimi. Alikuwa na mafua, nikampa vidonge vya klorofeniramini, vile vya kawaida vinavyokausha makamasi. Dawa za aina hiyo huzuia kemikali ambayo tayari ni haba kwenye ubongo wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayowapata wengi zaidi. Zaidi ya hapo hufunga choo na kuzuia mkojo. Daktari alipomgusa chini ya kitovu, palikuwa pagumu kama ubao. Mrija ulipowekwa ilitoka karibu lita nzima. Choo hakuwa amepata siku tano, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Ndiyo maana nasema ukienda hospitali beba dawa zote kwenye mfuko, hata za macho, hata alizopewa na jirani. Ila za usingizi alizozitumia miaka usizikate ghafla nyumbani. Kukatika kwake nako huleta kuweweseka.

Wodini, kazi kubwa haikuwa ya dawa. Tulimvalisha miwani, tukampa kifaa chake cha kusikilizia, maana mtu asiyeona wala kusikia atajijazia mwenyewe. Mchana pazia wazi, usiku taa chini na kelele kidogo. Maji mara kwa mara. Kutembea, hata hatua kumi. Sura zilezile mbili za ndugu kwa zamu. Kila asubuhi niliuliza kama mrija wa mkojo bado unahitajika, mpaka wakautoa. Na hatukubishana naye kuhusu watu wa dirishani.

Usiku wa pili tulishauriwa achomwe sindano ya kumtuliza. Niliomba tusubiri, nikakaa nimemshika mkono. Dawa kama haloperidoli, za kutuliza akili, zina nafasi yake mgonjwa anapohatarisha maisha yake au ya wengine, kwa dozi ndogo na siku chache. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya, tangu 2005 kwa zile mpya na tangu 2008 kwa za zamani kama haloperidoli, kuwa dawa za kundi hilo huongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mwenye demensia ya Lewy, aina nyingine ya demensia, anaweza kukakamaa vibaya.

Jambo moja zaidi: usikubali mzee apimwe demensia akiwa bado anaweweseka. Kwenye kipimo cha kumbukumbu na akili, mama alipata 9 kati ya 30 akiwa wodini. Miezi mitatu baadaye alipata 19. Hapo ndipo akachunguzwa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, na kichwa kwa sababu aliwahi kuanguka. Akaanzishiwa donepezili, dawa ya demensia, imesaidia kidogo, sitakudanganya.

Siku hizi nina daftari kando ya kitanda chake. La jana nimeandika: ameuliza saa mara sita, choo amepata, amelala saa tatu, amenicheka upara. Hiyo ndiyo kawaida yake.