Barua kwa mwanangu: huyo samaki wako ana mayai au kashiba tu?

Mwanangu, salaam.

Picha zako tatu nimeziona jana baada ya isha, nimezitazama mpaka simu ikaniishia chaji, na swali lako nimelisoma, "Mama, huyu lochi wangu ana mimba ama amenenepa?" Nikacheka kwanza, maana miaka yote uliyokaa hapa Malindi kuambiwa tu kawape kuku maji ulikuwa wanuna, leo uko South B hapo Nairobi na tanki sebuleni wafuga samaki. Haya. Ningekutumia sauti lakini ya mdomo utayasahau, bora nikuandikie uwe unarudia kusoma.

Kwanza hilo neno mimba liweke kando. Wako samaki wanaozaa, kama wale gapi wadogo wa mkia wa rangi, hao mimba ni mimba. Lochi, samaki wa mitoni wa kukaa chini chini, yeye hutaga. Mayai hujaa ndani, akiwa tayari huyaachia majini na dume huyamwagia mbegu huko huko nje. Kwa hiyo jike aweza kujaa mayai na hajapata kumuona dume tangu azaliwe, kama kuku wa mayai tu. Na hana siku za kuhesabu, asipopata nafasi ya kutaga mwili wake huyanyonya yale mayai kidogo kidogo, tumbo linarudi, basi. Usianze kununua tanki la pili.

Huyo wako nimemjua, ni lochi wa aina ya kuhli, mwembamba mrefu ana mikanda ya kahawia na manjano, ukimuona wasema mtoto wa mkunga. Mie si mkunga wa kuzalisha na yeye si mkunga wa baharini, lakini tutaelewana.

Wajua mimi samaki nimewajua kwa kisu. Babako alipokuwa akivua nimepasua tafi na changu sijui wangapi, na ukishapasua wengi hivyo unaona kitu kimoja: mafuta na mayai havikai sehemu moja. Mafuta yanauzunguka utumbo, meupe, yanateleza, yamesambaa kila mahali mpaka hujui yanaanzia wapi. Mayai yako kwenye vifuko viwili vimelala sambamba chini ya uti wa mgongo, vinaelekea nyuma kwenye tundu la kutagia. Ndio maana kwa nje pia hawafanani. Mnene amejaa kote, shingo imekwisha (samaki hana shingo lakini umenielewa), nyuma ya kichwa pamevimba, mgongo mpana, mpaka karibu na mkia kakaa kama soseji. Mwenye mayai kichwa na mabega ni vile vile, mkia ni ule ule, lakini tumbo limetoka, hasa nusu ya nyuma, na ukimtazama kutoka juu unaona kabisa amevimba kulia na kushoto halafu ghafla anakuwa mwembamba tena.

Sasa wewe umenipigia picha zote za ubavuni! Ubavuni hata mie baada ya pilau naonekana nina mapacha. Piga ya juu.

Halafu kuhli ana jambo moja zuri ambalo changu hana, ngozi ya tumbo lake yaonyesha. Na mayai yake ni ya kijani, si ya manjano kama yale unayoyajua ya kukaanga, kijani kweli. Usiku ukishazima taa, maana hao ni watu wa usiku, ngoja akipanda kwenye kioo umulike na tochi ya simu kwa ubavu, ukiona kama kivuli cha kijani huku nyuma ya tumbo na vidonge vidonge ndani yake, basi ana mayai, maneno yamekwisha. Ukiona peupe tu au pekundu pekundu, pekundu yaweza kuwa ni wale minyoo wekundu uliomlisha, huyo kala. Tazama na mapezi ya mbele, haya ya kifuani. Dume yake makubwa, yamekaa kama makasia, na mwiba wake mmoja mnene. Jike ni madogo laini. Ukishajua kuwa ni dume habari ya mayai imekufa hapo hapo, hapana haja ya tochi.

Sasa nikwambie lililonipata mimi, sijawahi kukusimulia kwa sababu ya haya. Ile hoteli niliyofanya kazi kabla hujaingia sekondari, pale mapokezi palikuwa na tanki kubwa na mimi ndio nilikuwa nalisafisha. Ndani yake mlikuwa na lochi mmoja wa aina ile ya rangi ya machungwa na mikanda mitatu mieusi, wanaomwita klauni. Akaanza kuvimba. Mimi na ujuzi wangu wa kisu nikatangaza kwa kila mtu, ana mayai huyo, wageni wa Kitaliano wakaja kupiga picha, mpishi akaniuliza watoto watakuwa wangapi, na mimi nikamuongezea chakula, si mjamzito hula kwa wawili. Wiki tatu hivyo. Tumbo linakua, maji yananuka kidogo, mwani umejaa kwenye vioo. Siku moja natoa filta, kile kichujio cha maji, niioshe nakuta nyuma yake vipande vya mahamri vimeoza! Kumbe mlinzi wa usiku kila akinywa chai yake naye anampa, ati anamuonea huruma anavyomtolea macho. Kwa hiyo mchana analishwa na mie, usiku na mlinzi, na wageni nao sijui. Hakuwa na yai hata moja.

Baadaye nikaja kuelewa hata lile tumaini langu lilikuwa bure, maana hao klauni kutaga ndani ya tanki la nyumbani ni nadra mno, wanaouzwa madukani huvuliwa kwenye mito ya Borneo na Sumatra au wanatoka mashambani ambako majike huchomwa sindano za homoni. Wanafika sentimita 30 wakiwa kwao, na mie nangojea anitagie pale mapokezi. Wako yeye ana nafuu, kuhli mara moja moja hutaga wenyewe hata mwenye tanki hajapanga kitu, wanayaacha kwenye mimea inayoelea juu, halafu wenzake wanayala.

Kwa hiyo swali langu kwako: nani mwingine anamlisha? Muulize huyo mwenzako mnayekaa naye, muulize na dada anayekuja kufua. Uliza taratibu usije ukagombana na watu kwa ajili ya samaki.

Halafu fanya hivi. Siku mbili usiwape chochote. Najua utaona huruma, wewe ni mtoto wangu, lakini samaki mzima siku mbili hazimuui wala hatakumbuka. Siku ya tatu chukua njegere moja, ichemshe, itoe ganda, iponde, mpe kipande kidogo. Kama lilikuwa tumbo la kushiba au choo kimefunga litapungua ndani ya siku chache. Mafuta hayapungui kwa siku tatu, wala kwangu hayapungui, hayo ni ya wiki nyingi za kulisha kidogo, siku moja unampa siku moja unaacha, usiku kwa sababu ndio wakati wake. Na mayai njegere haiyafanyi kitu. Sasa umeona, ukingoja tu bila papara tumbo lenyewe linakujibu.

La kuogopa ni lingine. Unene huja polepole na mayai huja polepole. Akivimba ghafla, leo mwembamba kesho kutwa kama mpira, au kavimba upande mmoja, macho yametoka, hali chakula, amelala tu ubavu hata ukiwasha taa hakimbilii mchangani, huyo ni mgonjwa, mwili unajaa maji. Kwa samaki wengine ungeona magamba yamesimama lakini lochi magamba yake madogo mno, hutayaona, kwa hiyo usingoje dalili hiyo. Hapo badilisha maji robo ya tanki, pima amonia na naitraiti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, zote mbili zinatakiwa sifuri, na usikimbilie kummwagia dawa au chumvi kama anavyoshauri kila muuza duka, lochi hana ngozi ya perege, dawa kali inamchoma, wengi huanza na nusu ya kipimo.

Na hapo Nairobi mwezi huu wa saba ni baridi, hita ya kupasha maji iko? Wao kwao ni joto la Java na Malaysia, wanataka nyuzi 24 mpaka 28, huku kwetu hata hita sikuwahi kuhitaji. Akipata baridi chakula hakisagiki vizuri na tumbo linakaa limejaa, utasema mayai kumbe ni baridi.

Kitu kingine, watu wetu wa bahari wana tabia ya kumminya samaki tumbo kuona kama mayai yatatoka. Kwa samaki wa sokoni sawa. Wako usimguse, wallahi nikisikia umemminya nakuja na basi la usiku.

Ijumaa nitumie picha, ya juu, na rula uiweke pembeni kwenye kioo ili wiki ijayo tulinganishe. Na yule dada wa kufua usisahau kumuuliza.

Mamako