Mauzo ya n8n kwenye ukurasa wako mwenyewe

Ndugu yangu wa Gikomba, unasema n8n, ile programu ya kuendesha kazi zijiendeshe zenyewe, inakukusanyia kumbukumbu za malipo ya M-Pesa vizuri kwenye lahajedwali, ila mama watoto amechoka kuvuta lahajedwali kwa simu ndogo. Anataka ukurasa mmoja wa mauzo ya leo. Hana kosa.

Anza mtiririko mpya (mfululizo wa hatua, kila hatua ikiitwa nodi) kwa nodi ya Webhook, yaani anwani ya wavuti inayouamsha mtiririko ikiitwa; njia yake iwe GET, ile ya kuomba data. Kisha weka nodi ya kusoma lahajedwali, na umalizie na nodi ya "Respond to Webhook" inayorudisha JSON, yaani data kwa maandishi ambayo programu husoma kirahisi. Ukurasa wako utaita anwani hiyo kwa fetch, amri ya JavaScript ya kuvuta data, na kuchora jedwali. Kazi ya jioni moja.

Penye shida ni hapa: Webhook ina anwani mbili, ya majaribio na ya kudumu, na ile ya majaribio husikiliza tu ukiwa umebonyeza kitufe cha kujaribu. Mimi nilikesha nikilaumu intaneti ya Kasarani, kumbe nimebandika ile yenye "webhook-test". Washa mtiririko, tumia anwani ya kudumu. Kivinjari kikigoma kikitaja CORS, yaani kanuni ya tovuti ipi inaruhusiwa kuvuta data kutoka anwani nyingine, andika anwani ya tovuti yako kwenye chaguo za Webhook.

Namba za simu za wateja zichuje huko huko n8n. Usizifiche kwa CSS, lugha ya kupamba ukurasa, maana yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa ataziona. Wala usiweke nywila ndani ya JavaScript.

Halafu angalia saa. Ukiiendesha n8n kwenye seva yako mwenyewe, huanza na saa za New York. Weka Africa/Nairobi, la sivyo mauzo ya asubuhi na mapema yatahesabiwa ya jana.